Eneo la Jeshi

Magreti alikuwa uani akipepeta mchele, akipuliza majivu ya miwa iliyochomwa mashambani yaliyokuwa yakiangukia ungo, pale makuruta walipoingia bila hodi.

"Shikamoo, mama," walisema, macho chini.

"Marahaba, wanangu."

Jeshi halikuwa na viatu vya kuwapa, walivaa kandambili. Vita vya ziwani vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na kila siku redio ilitangaza kwamba jeshi litaongezwa maradufu kabla ya masika. Kwa sababu hiyo shamba la Magreti, hapo Ruhembe, lilichukuliwa ili ijengwe kambi, naye akaambiwa avumilie kwa ajili ya taifa. Mabweni yaliishia kwenye msingi. Mkandarasi aliondoka na saruji, na watu wakamwona Morogoro akipandisha ghorofa. Makuruta walilala kwenye nyasi, wakanywa uji mara moja kwa siku. Wengine walitoroka. Waliobaki walikohoa usiku kucha, na Magreti, peke yake kitandani, aliwasikiliza akijaribu kukitambua kikohozi cha Beda, mwanawe wa pekee.

Tangu Beda aandikishwe, mama yake hakuruhusiwa kumwona. Alipeleka viazi langoni. Mlinzi akavipokea, wala Magreti hakujua vililiwa na nani.

Sasa Beda alikuwa pale, nyuma ya wenzake, shingo imemkonda. Hakusalimia.

Sajini Ditram, msimamizi wao, alieleza kwa upole kwamba mvua zi karibu na vijana hawana pa kujihifadhi. Mpaka wa kambi umesogezwa. Nyumba za upande huu zitaezuliwa, na mabati yake yataezekea vibanda kambini.

"Na mimi mvua ikija?" Magreti aliuliza.

"Utafikiriwa, mama."

"Afande, yule pale ni mwanangu. Ndiye niliyebaki naye."

Sajini hakugeuka kutazama. "Hapa hakuna mtoto wa mtu, mama. Hapa ni eneo la jeshi."

Walitoa kitanda, masufuria na picha ya Bikira Maria, wakavipanga kwa adabu chini ya mpapai. Kisha wakapanda juu. Mabati ya mbele yalitoka upesi, yakilia. Magreti alitaka kumuuliza mwanawe kama amekula, lakini Beda alikuwa ameinamia nyundo yake tu.

Upande wa jikoni uliwashinda. Waligonga, wakavuta, bati halikutikisika. Misumari ilikuwa imepindwa kwa ndani na kukazwa kwa waya, kazi ya mtu aliyeuogopa upepo.

"Nani anajua hili limefungwaje?" Sajini aliuliza.

 Vumbi lilishuka taratibu juu ya mafiga. Kisha Beda, aliyelifunga mwenyewe mwaka ule waliomzika baba yake, akanyoosha mkono.