Msaidizi wa Bwana Radi

Hakuna jambo linalotokea soko la Owino, hapa Kampala, nisilolijua. Mengi naambiwa na Kahambu anayeuza chai, na Kahambu hudanganya, kwa hiyo tuseme najua nusu. Hii ni ile nusu ya kweli.

Alum ananyoosha nguo za mitumba. Anasimama mbele ya meza yenye blanketi lililoungua pembeni, pasi ya mkaa mkononi, na wenye vibanda wanamletea mashati yaliyotoka kwenye marobota yamejikunja kama kabichi. Akiyarudisha, mteja anadhani ni mapya. Jirani yake ni Ambroise, Mkongo wa Butembo, anayeuza viatu vilivyovaliwa kwanza Ubelgiji. Viatu hivyo husafiri vimejazwa karatasi ili visibonyee. Siku moja ya mwaka 2017 Ambroise alichomoa kwenye kiatu cha kushoto kurasa za kitabu cha katuni, akampa Alum awashie mkaa.

Alum alizikunjua, akamwona mume wake.

Olal alikuwa amesimama nyuma ya mtu mnene aliyevaa joho la bluu na chupi nyekundu juu ya suruali. Alisimama kwa mguu mmoja, akijikuna kwa kiatu cha mguu wa pili, kama alivyosimama kila mahali, hata kanisani siku ya ndoa. Alishika mkoba wa yule mnene. Yule mnene alikuwa Afande Otema.

"Ni bwana yako," alisema Ambroise.

"Amekonda," alisema Kahambu, akaendelea kumimina chai.

Chini ya ukurasa paliandikwa kwamba kitabu kilichapwa mwaka 1971. Olal alizaliwa mwaka 1978. Hakuna aliyeona tatizo. Vitu vya Ulaya huwa vinawahi.

Sasa nieleze kidogo. Olal alikuwa mlinzi wa Afande Otema. Mwaka mmoja kabla ya viatu hivyo, alipanda gari na Afande asubuhi, wakaenda kazi ya kaskazini, na baada ya siku tisa gari likarudi na Afande. Kwenye faili la kikosi, mbele ya jina la Olal, waliandika neno moja: mtoro. Kwa neno hilo Alum hakuwa mke wala mjane. Ndugu za Olal kule Kitgum walikataa kukaa matanga. Walisema mtu aliyetoroka haliliwi, huenda yuko mahali anakula nyama ya kuchoma. Alum naye hakulia. Alikuwa anangoja ruhusa. Alichotaka ni neno lile lifutwe, basi, watu wakae chini, naye alie kama wanawake wengine.

Kitabu kilikuwa na namba, yaani matoleo, ishirini na nne. Kiatu cha kushoto kilikuwa na mwanzo wa namba, cha kulia mwisho wake, na namba zilikuja ovyo, kadiri wazungu walivyochoka na viatu vyao. Alum alizinyoosha zote kwa pasi. Pasi ilipomkaribia, Olal alisogea pembeni ya picha ili asiungue. Bwana Radi, maana hilo ndilo jina la Afande mle kitabuni, hakusogea kwa ajili ya mtu, na joho lake likaungua mara mbili.

Siku moja walisoma namba ya kumi na mbili kabla ya ya kumi na moja kupatikana. Olal akageuka, akawapa mgongo kwenye picha zote mpaka ukurasa wa mwisho. Tangu siku hiyo walifuata mpango. Namba iliyotangulia foleni iliwekwa ndani ya kopo la biskuti, uso chini, ikangoja wenzake.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na Kifaransa alikijua Ambroise peke yake. Kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, alikaa juu ya gunia la viatu akamtafsiria Alum kwa Kiswahili. Alikuwa na sauti nene kwa Bwana Radi, na sauti ya puani kwa Olal.

"Bwana yangu hakuwa na mafua," alisema Alum.

"Yaya, mimi ninasoma tu," alisema Ambroise, ambaye kwao yaya ni dada mkubwa, lakini aliitoa ile pua.

Namba za kwanza zilikuwa nzuri. Olal alibeba mkoba, alifungua milango, alionja chakula cha Bwana Radi kabla hakijaliwa. Katika namba ya tano aliruka mbele ya risasi isiyokuwa yake, ikamwingia begani. Katika namba ya sita Bwana Radi alipewa nishani kwa ajili ya risasi ile, na Olal alikuwa nje ya ukumbi, ameshika mwavuli. Katika ya tisa alivaa sweta la kijani ambalo Alum alimfumia mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko wa pili. Kahambu alicheka mpaka akamwaga chai. Jina Olal halikutajwa hata mara moja. Bwana Radi alimwita "wewe".

Katika namba ya kumi na saba Olal alikaa chini ya taa akaandika barua. Aliikunja, akampa Bwana Radi aitume. Bwana Radi aliitia mfukoni, akapaa. Alum aliomba picha hiyo isomwe mara tatu.

"Barua inasemaje?"

"Haionekani, yaya. Amekwisha ikunja."

Mpaka mwaka 2021 kopo lilikuwa na zote isipokuwa ya ishirini na tatu. Ya ishirini na nne, ya mwisho, ilikuja mapema ndani ya kiatu cha mpira, ikalala uso chini miaka mitatu. Alum hakuigusa. Kisha mwezi wa pili mwaka huo, kwenye viatu vyeupe vya bibi harusi, ilipatikana ishirini na tatu.

Ilikuwa fupi. Barabara ya vumbi, watu wenye bunduki, Olal ameumia mguu. Bwana Radi anakunjua joho. Olal anainua mkono.

"'Wewe, ngoja hapa, nakuja,'" alisoma Ambroise kwa ile sauti nene. Picha iliyofuata ilikuwa ya mawingu.

Jumatatu Alum alikwenda na karatasi ile ofisini kwa Afande Otema, ambaye siku hizi ana meza kubwa na kiti kinachozunguka. Nyuma ya mlango joho la bluu lilikuwa limetundikwa. Alum aliona pindo lake linataka kunyunyiziwa maji kidogo kabla ya pasi.

Afande alivaa miwani, akasoma picha moja moja.

"Hii ni mimi," alisema. "Sura iko yangu, siwezi kataa. Lakini nyabo, mama, hapa nimesema nakuja. Haisemi mimi sikurudi. Ile ya mwisho iko wapi?"

"Iko nyumbani, Afande. Ndani ya kopo."

"Basi. Jumamosi nitatuma karani na muhuri. Mkongo wako asome, karani aandike. Kile kitasomwa ndiyo kitaingia kwa faili. Kama ni kufuta, tutafuta."

Ilikuwa haki. Alum alishukuru kwa kupiga goti, akarudi sokoni na habari, na jioni hiyo alipiga simu Kitgum kuwaambia ndugu za Olal watafute mahema ya matanga.

Alhamisi Afande Otema alikuja Owino kwa miguu. Alinunua kwa Ambroise viatu vyeusi namba arobaini na nne na hakuomba punguzo. Alipokuwa anavijaribu aliuliza habari za watoto wa Ambroise, wanasoma wapi. Aliuliza pia karatasi yake ya ukimbizi inaisha lini.

"Mwezi wa tisa, Afande."

"Mwezi wa tisa iko karibu," alisema Afande, akaondoka na viatu chini ya kwapa. Haya aliniambia Kahambu, na aliyasema bila kuongeza chumvi, ndiyo maana niliamini.

Jumamosi karani aliyeitwa Odur alikuja na daftari, muhuri na kidau cha wino. Alipewa kigoda na kikombe cha chai. Alum alifungua kopo, akatoa namba ya ishirini na nne, akailaza mezani bila kuitazama, akaweka pasi.

Ilikuwa picha moja tu, ukurasa mzima. Barabara ile ile, na Olal amelala ubavu ndani ya sweta la kijani, mdomo wazi. Pasi ilipomkaribia hakusogea. Alum alingoja kidogo, kisha akanyoosha pembezoni mwake, polepole, kama mtu anayefagia mahali mgonjwa amelala.

"Soma, kaka," alisema.

Ambroise alisimama kusoma. Siku zote alisoma amekaa.

"Anasema hivi: 'Mimi, kwa hiari yangu, nimeamua kwenda zangu. Bosi wangu hana makosa. Msinitafute.'"

Odur aliandika. Aliuliza "msinitafute" ni neno moja au mawili, akajibiwa ni moja. Akapumulia muhuri, akaugonga.

Alum alikuwa bado ameinama juu ya meza. Maneno ya Olal yalikuwa ndani ya kiputo kidogo, si kikubwa kuliko punje ya maharage. Aliweka kidole chini yake, akasoma herufi moja moja, maana hizo alifundishwa darasa la kwanza na zinaandikwa sawa Ulaya na hapa.

"Ambroise," alisema, "hapa pameandikwa Alum."

Odur alisogea, akatazama, akakubali kwamba ni kweli, ni herufi nne tu. Kisha akafunika kalamu yake.

Ambroise alikuwa ameokota kiatu na anakitia kamba.

"Kifaransa kinafupisha sana, yaya," alikiambia kile kiatu.