Kiti cha Mteja

Mkurugenzi wetu akienda semina, wa kuumia ni sisi. Safari hii alirudi na kiti. Wala hakikuwa kipya, ni kilekile cha plastiki kilichokuwa stoo, ila sasa kilipandishwa cheo kikaitwa kiti cha mteja. Kila kikao kiwekwe mezani na kibaki kitupu, ili tusisahau tunamfanyia nani kazi. Sisi tunashona viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Nilidhani hilo halisahauliki, lakini sikuulizwa, nikafyata mdomo.

Semina ilileta na wazo la pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Karakana ifungwe, kila fundi apewe cherehani akashonee kwake, awe huru. Wenzangu walifurahi. Wana watoto, wana wakwe, nyumba zao hazijui kunyamaza. Mimi tangu mume wangu afariki naongea na redio. Karakana ndipo mahali pekee ninapoulizwa nimeamkaje, na sasa hapo ndipo pafungwe.

Siku ya kuamua tulizunguka meza, kiti cha mteja kikitukodolea macho. Mlango ukagongwa, akaingia mwalimu mstaafu, mzee mcheshi niliyemshonea viatu miaka nenda rudi. Alikuwa amefuata jozi yake. Akatusalimu, akakiona kiti, akakisogelea kwa mkongojo wake.

"Samahani, mwalimu," Mkurugenzi akasema, "hapo hapakaliwi. Ni kiti cha mteja."

Mwalimu akasimama, akatutazama mmoja mmoja. "Anakuja saa ngapi?"

Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikainuka nikampisha kwangu.

Kesho yake kiti kilirudi stoo kimyakimya. Wazo la pili lilikuwa limeshapitishwa palepale kikaoni. Nilipoulizwa kama nina la kusema, nilisema sina. Ningeanzaje kuwaambia watu wazima wenzangu kwamba naiogopa nyumba yangu mwenyewe?

Cherehani ikaletwa, nikaiweka sebuleni. Siku za mwanzo nilivaa vizuri, nikabeba mkoba, nikatoka chumbani nikaingia sebuleni, nikawa nimefika kazini. Niliisalimia cherehani. Mkurugenzi alipiga simu kuuliza jozi zimefikia wapi, akakata kabla sijamuuliza watoto hawajambo. Kuna siku nilishona hadi jioni ndipo nikagundua sijafungua mdomo tangu asubuhi. Nilijisikia mpweke kuliko hata wiki za msiba, maana wakati ule angalau watu walikuja.

Kisha mwalimu akaja kujaribu jozi nyingine. Ngazi za kupanda kwangu zilimtoa jasho. Alipoingia alitafuta pa kukaa, akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha mbao kilicho karibu na dirisha, chenye mto wa bluu.

"Hapana, mwalimu, hapo..."

Nikaishia hapo. Kiti kile kilikuwa cha mume wangu, na tangu tumzike hakuna aliyekikalia. Mama mdogo alipokuja kunitazama nilimkalisha kitandani. Kila asubuhi nakifuta vumbi, naupiga mto, nakirudisha palepale. Nami ndiye niliyemcheka Mkurugenzi.

Mwalimu alikuwa amesimama, anahema, uzito wote ameutupa kwenye mkongojo. Safari hii hakuuliza mwenye kiti anakuja saa ngapi. Alikuwepo mazikoni. Alinisubiri tu.

"Kaa, mwalimu," nikasema. "Kaa tu."

Aliketi taratibu. Kiti kikatoa mlio, uleule wa zamani, ambao nilikuwa nimeusahau. Nikapiga magoti kumvua kiatu nikahangaika na kamba zake kwa muda mrefu, kwa sababu sikutaka auone uso wangu.

"Chai je, ipo?" akauliza kutoka juu yangu. "Au nayo ina mwenyewe?"

"Ipo," nikamjibu.

Nilikwenda jikoni nikatoa vikombe viwili. Kimoja ilibidi nikioshe kwanza, kilikuwa kimejaa vumbi.