Fundi wa Wanaosubiri

Siku ya kwanza Mzee Nukta alipopokea simu ya mteja, aliifunga kikaratasi kwa uzi kama alivyozoea kuzifunga saa, akaitia kwenye droo, akaisukuma droo kwa goti, kisha akasema kwa upole:

"Haya mama, njoo Jumatano."

Mwenye simu, mama mmoja anayeuza unga ng'ambo ya barabara, aliduwaa. Aliitazama ile droo kama mzazi aliyeona mwanawe akifungiwa kabatini.

"Jumatano ipi, baba?"

"Hii inayokuja. Nikizidiwa sana, Alhamisi."

"Mzee wangu! Mimi hata chooni naenda nayo! Nirudishie tu, nitavumilia na ubovu wake."

Binti wa Mzee Nukta, aliyekuwa ameinamia kazi mwisho wa meza, alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akaja akaifungua droo, akaitoa simu na kikaratasi chake, akasema kwa sauti ndogo iliyomlazimu mama wa unga kuinama ili aisikie, "Subiri kidogo tu, mama. Nitaitengeneza sasa hivi."

Mzee Nukta hakuelewa. Maisha yake yote alikuwa fundi saa, na saa ni mgeni anayelala. Mtu huivua mkononi, huiacha, huenda zake, na kwa siku kadhaa huwauliza wapita njia, "Saa ngapi, ndugu?" bila kuona aibu. Wengine walisahau kabisa. Ndiyo maana ukuta wa duka lake ulijaa saa zilizokuwa zikingoja wenyewe, kila moja ikishikilia ukweli wake.

Siku hizi wakati umehamia ndani ya simu. Walioleta saa walitaka betri tu, tena wakiwa wamesimama mguu nje mguu ndani. Kwa hiyo binti alipomaliza chuo cha ufundi na kuja na hadubini yake, mashine yake ya kupuliza hewa moto na vibisibisi vyembamba kama miiba, baba alisogeza vitu vyake akampa nusu ya meza. Baadaye akasogea tena. Mwisho akabaki na pembe iliyo karibu na dirisha, akadai kwamba ndiko kwenye mwanga.

Kazi ilikuwa tele, lakini binti alikuwa na shida moja. Alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Pale mtaani walimwita Fundi Kimya, na jina lilimkaa kama ngozi. Akiwa peke yake, mikono yake ilikuwa mitulivu kama maji ya mtungini. Akitazamwa, ilitetemeka. Na wenye simu, tofauti na wenye saa, hawaondoki. Husimama juu ya kichwa cha fundi wakipumua.

"Dada, hiyo skrubu umeiweka wapi?"

"Dada, usije ukafuta picha za harusi."

"Dada, mbona umenyamaza? Imekufa?"

Ilikuwa mbele ya macho ya namna hiyo, binti akihangaika na simu ya dereva mmoja aliyekuwa akimkaripia, ndipo Mzee Nukta alipochukua stuli, akaiweka mlangoni, akamgonga dereva begani.

"Kijana, hebu njoo unishikie hii saa. Nina mkono mmoja tu mzima."

Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima. Dereva hakujua. Akaketi, akapewa saa kubwa ya ukutani aikumbatie kama mtoto mchanga, na mzee akaanza, "Nyumbani kwenu ni wapi? Aa! Kumbe! Na mzee bado yupo? Na magoti yake?" Kufumba na kufumbua dereva alikuwa akisimulia maisha yake, na binti amepata nafasi ya kupumua.

Tangu siku hiyo kazi ya Mzee Nukta ikawa hiyo. Alikuwa ameligundua jambo ambalo halifundishwi chuoni: mtu aliyetenganishwa na simu yake hajui pa kuweka mikono. Hujipapasa mfukoni, hukumbuka, hutabasamu kwa aibu, kisha hujipapasa tena. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu cha kushika na swali la kujibu, anakuwa wako.

Na hapo ndipo likazaliwa jambo la pili, ambalo hakuna aliyelipanga. Wenye simu ni waongo. Ukimuuliza mtu, "Imeingia maji?" ataapa kwa mbingu na ardhi kwamba simu yake haijawahi hata kuliona wingu. Hajaiangusha, hajaikalia, hajampa mtoto. Ilizima yenyewe, ikiwa imelala zake juu ya mto. Lakini jirani mkikutana hakuulizi kuhusu simu. Anakuuliza kuhusu nyumbani. Mzee Nukta alifanya hivyo hivyo.

"Na mdogo huyo ameshaanza kutembea?"

"We! Anatembea? Anakimbia! Juzi kanitumbukizia sijui nini kwenye ndoo ya nguo..."

Mzee alikohoa mara moja. Binti, bila kuinua kichwa, akaanza kutafuta kutu.

Kikohozi kimoja: maji. Viwili: imekaliwa. Vitatu: kuna fundi mwingine ameshaifungua akashindwa, na mwenyewe anaona aibu kusema. Siku ambayo mama wa unga alileta simu iliyotumbukia kwenye gunia la unga, mzee alipiga chafya, na binti akaelewa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mzee alipenda kuwaambia wakati wa kuondoka, nao wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Basi siku moja akaja meneja wa karakana kubwa ya simu, ile iliyofunguliwa kwenye jengo jipya la vioo. Simu yake mwenyewe ilikuwa imegoma njiani. Kutoka kwenye stuli alimchungulia Fundi Kimya akifanya kazi bila yeye kujua, na alipoondoka alimwachia kadi.

"Mikono yako imezaliwa kwa kazi hii," alisema. "Kwetu utakuwa na meza yako huko ndani. Mteja humwoni, hakuoni. Njoo siku moja ujaribu, kisha unipe jibu kabla wiki haijaisha."

Mteja humwoni, hakuoni! Binti aliyarudia maneno hayo moyoni kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole. Kisha akatazama kwenye pembe ya dirisha. Baba yake alikuwa akifuta kioo cha saa ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Nenda, mama," alisema bila kugeuka. Alimwita mama tangu alipokuwa hajaota meno. "Mtu akifunguliwa mlango haulizi nani ataufunga."

"Na wewe?"

"Mimi nina saa zangu."

Saa zake! Wiki nzima ile alikuwa amebadilisha betri mbili, na moja ilikuwa ya saa yake mwenyewe. Binti alijua kwamba akiondoka, watu hawataketi tena kwenye ile stuli, na baba yake, ambaye chakula chake ni maneno, atakaa akitazamana na ukuta. Lakini alijua pia kwamba kubaki kwa sababu ya huruma ni deni ambalo mzee yule asingelikubali. Ndivyo alivyokwenda kujaribu, moyo wake mmoja ukivutwa huku na huku kama kanga inayokamuliwa na watu wawili.

Karakana ilikuwa kama alivyoahidiwa. Chumba kilikuwa na ubaridi mzuri, hadubini ilikuwa mpya, na kimya kilikuwa kingi kiasi cha kukisikia. Simu ziliingia kupitia kidirisha, kila moja ndani ya trei yake. Fundi wa meza ya pili alikuwa kijana mpole aliyevaa visikilizio masikioni. Walisalimiana kwa kichwa, ikatosha. Asubuhi ile binti alifanya kazi kwa raha mpaka akajikuta anaimba kimoyomoyo.

Kisha ikaja simu moja nyeusi. Maelezo yake kwenye kioo cha kompyuta yalisema: ilizima yenyewe, haijaingia maji, haijaanguka.

Akaifungua. Akatazama juu, akatazama chini, akapima hapa na pale. Ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Alisubiri kidogo, kichwa ameinamisha, na ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa akisubiri mtu akohoe.

"Samahani," alimwambia jirani yake. "Haya maelezo nani huwauliza wateja?"

Kijana alitoa kisikilizio kimoja. "Hakuna. Wanabonyeza wenyewe kwenye kioo, pale mlangoni."

"Na wakidanganya?"

"Wote wanadanganya," alisema kijana, na akatabasamu. "Ukikwama badilisha ubao wote wa ndani. Hapa hatubembelezi."

Lakini Fundi Kimya hakuwa amezoea kung'oa moyo wa kitu kabla ya kujua kinaumwa nini. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Mwishowe akafanya jambo ambalo lingemshangaza kila aliyemjua: akafungua mlango, akatoka mpaka ukumbini, akamwendea mwenye simu, mwanamume mnene aliyekaa kitini huku akijipapasa mfukoni.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Iko tayari?"

"Bado." Baba angesema nini hapa? "Nyumbani... nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na magoti?"

"Magoti ya nani?"

Binti alihisi uso ukimwaka moto. Akakohoa.

"Una mafua?" mwanamume yule aliuliza, akisogeza kiti nyuma kidogo.

"Hapana. Ni kwamba... mficha maradhi kifo humuumbua."

"Toba! Nani anakufa?"

Alirudi ndani karibu akimbie. Ubao ukabadilishwa, simu ikawaka, mwenyewe akaondoka ameridhika. Hakuna aliyekosea chochote. Ila mpaka anavua koti la kazi, binti hakujua ile simu ilikuwa inaumwa nini, na hilo lilimwasha kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Alasiri alipofika dukani alikuta stuli imejaa, na benchi limeazimwa kutoka duka la dawa la jirani. Mama wa unga alikuwapo, dereva alikuwapo, kila mmoja amekumbatia saa ya ukutani.

"Nimewaambia huenda hurudi tena," mzee alijitetea. "Hawataki kuondoka."

"Tuondoke twende wapi, na hadithi haijaisha?" alisema mama wa unga. "Mwanangu, baba yako anakusifu tangu adhuhuri. Umeanza kutembea, umeota meno, umefungua redio ya babu yako ukashindwa kuifunga. Sasa tumefika darasa la tano."

"Mama, hebu..." binti alisema, akaficha uso nyuma ya mkoba. Lakini aliketi, akavuta hadubini, na kazi ikaenda. Kila alipotaka kujua jambo alisubiri kidogo tu, na kikohozi kikamfikia. Wateja walipoondoka na simu zao, wakabaki wawili.

"Umepaonaje?" mzee aliuliza.

"Pazuri sana, baba."

"Baridi?"

"Baridi tamu kama nini."

"Basi umepata." Alisema hivyo akikusanya mikasi na brashi zake, akizipanga kwenye kisanduku kwa uangalifu wa mtu anayevalisha maiti. "Meza hii nimefikiri tuigawe. Nusu nimpe yule fundi viatu."

"Siendi."

Mzee aliacha kupanga. Alipogeuka, uso wake haukuwa na furaha hata kidogo.

"Sikiliza, mama. Kukosa wateja naweza. Kuonewa huruma na mtoto wangu siwezi. Usinifanyie hivyo."

"Nani anakuonea huruma?" Sauti ya binti ilipanda, wote wawili wakashtuka. "Najionea mimi! Leo nimekaa mbele ya simu moja kama kipofu. Nilitoka kwenda kumuuliza mwenyewe. Nimemwuliza kuhusu magoti, baba!"

"Magoti?" Mzee alikunja uso. "Alikuwa mzee?"

"Hapana."

"Sasa magoti ya nini? Kijana unamwuliza kazi. Mama unamwuliza mtoto. Magoti ni ya wazee."

"Unaona? Mimi sijui. Sitajua. Nilidhani mimi natengeneza simu, wewe unapiga soga. Kumbe mimi napokea wagonjwa ambao wewe umeshawapima."

Mzee Nukta alichukua brashi, akairudisha kwenye kisanduku, akaichukua tena. Mara hii yeye ndiye hakujua pa kuweka mikono, na binti hakutaka kumtazama, maana alijua ilivyo vibaya kutazamwa. Badala yake binti alitoa kadi ya meneja, akapiga simu. Yeye ambaye hata kwa dada yake huandika ujumbe tu ili sauti yake isisikike, alipiga na kuongea.

"Asante sana... Hapana, chumba ni kizuri... Ndiyo, nimefikiri. Nina mwenzangu hapa, na kazi yetu haigawanyiki."

Alipokata, jasho lilikuwa likimtoka. Mzee alijifuta pua kwa kitambaa cha kusafishia vioo.

"Mwenzako," alisema. "Basi kama mimi ni fundi mwenzako, nina malalamiko. Ile stuli inaniua kiuno. Nataka kiti chenye mgongo."

"Kesho tutatafuta."

"Viwili. Wanaosubiri nao wana migongo."

Walifunga duka. Mzee alitangulia, na kabla ya kumaliza mita chache alisimama mlangoni kwa muuza dawa, kisha kwa mshona viatu, kisha kwa mama wa unga aliyekuwa akifunga magunia, na kila mahali akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa barabara: "Mmesikia? Binti yangu wametaka kumchukua kule kwenye vioo. Kawakatalia! Kawapigia mwenyewe, kwa mdomo wake!"

Binti alimfuata nyuma, macho chini, masikio yakimwaka kwa haya. Mtaa mzima ulikuwa ukimtazama. Angeweza kumvuta shati anyamaze, lakini hakumvuta.