Nani Amerudi

Mjukuu wangu alizaliwa miezi kumi na minne baada ya mazishi ya mke wangu, Akeyo, na kabla kitovu hakijakauka walikuwapo tayari watu waliojua yeye ni nani. Wa kwanza kujua alikuwa mama yake Gbolahan, mume wa binti yangu; mama huyo ni Myoruba wa Ibadan. Aliitazama picha ya mtoto kwenye simu, akauliza Akeyo alifariki lini, akahesabu, akatamka: Yetunde. Maana yake ni kwamba mama amerudi. Kwao, mtoto wa kike anayezaliwa baada ya kifo cha bibi yake huhesabiwa kuwa ndiye bibi huyo, aliyeamua kurejea katika ukoo wake.

Binti yangu Rita alinipasha habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa. Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na moja, nikipima damu za watu wa mji huu wa Waswidi, na sikuwahi kumwona marehemu ndani ya tone lolote. Nilimwambia hivyo. Nilimkumbusha pia kuwa sisi Wajaluo tuna imani ya namna hiyo hiyo, kwamba marehemu humjia mtu ndotoni akidai jina lake apewe mtoto, na kwamba niliikataa hata yeye alipozaliwa.

"Baba," akasema, "hujaulizwa kama unaamini. Umeulizwa kama utakuja."

Nilikwenda, kutoka Hässelby hadi kwao Rågsved, ng'ambo ya pili ya mji. Mtoto alikuwa amelala, kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi, kama Akeyo alivyolala kwa miaka arobaini na miwili. Watoto wachanga wengi hulala hivyo, na sababu yake inajulikana. Siku iliyofuata niliuvuka tena mji mzima kwenda kukitazama kidole hicho, na siku ya tatu vilevile. Rita aliniwekea kiti karibu na kitanda.

Hata hivyo, mama mkwe wake alitaka uthibitisho kabla ya jina kutolewa. Siku ya sita tulikwenda Hjulsta kwa babalawo, yaani mpiga ramli wa Ifa, uaguzi wa Wayoruba, aulize mtoto ametoka kwa nani. Nilitarajia mtu wa manyoya. Nilimkuta dereva wa basi mwenye miwani, aliyetuomba tuvue viatu na kutuarifu kwa Kiswidi fasaha kwamba zamu yake inaanza saa tisa. Alitandika mkeka sebuleni, akatoa mnyororo uliofungwa vipande vinane vya maganda ya mbegu. Kila ganda huangukia mgongo au tumbo, hivyo mipangilio ni mia mbili hamsini na sita. Niliihakiki hesabu hiyo, ni sahihi. Kila mpangilio una aya zake, naye alikuwa amezihifadhi kichwani tangu ujana wake.

Gbolahan aliinong'oneza kauri, kombe dogo la baharini, swali letu ili babalawo asilisikie: je, huyu ni Akeyo? Ndio utaratibu wao, na sikuwa na la kuukosoa, kwa kuwa anayepima hapaswi kujua anayepimiwa anatarajia nini. Mnyororo ulirushwa mara moja kwa ajili ya kauri, ambayo ni ndiyo, na mara moja kwa ajili ya kipande cha mfupa, ambacho ni hapana. Mpangilio wa mfupa ulikuwa wa cheo cha juu zaidi, hivyo mfupa ulishinda.

Gbolahan akanong'ona swali la pili. Safari hii kauri ilishinda. Aliyerudi alikuwa nyanya yake mwenyewe, Abeni, muuza vitambaa, aliyefariki Gbolahan akiwa bado shuleni. Jina lilibaki lile lile. Mama alikuwa amerudi, ila mama wa watu wengine.

Gbolahan alijitahidi asionekane amefurahi. Rita akamfunika mtoto, ambaye alikuwa amefunikwa tayari. Mimi nikasema kuwa jaribio moja halithibitishi chochote, kwamba hakuna maabara inayojiheshimu inayotoa majibu namna hiyo, na kwamba swali la kwanza lilistahili kurudiwa.

"Baba, wiki nzima umetuambia hizo ni mbegu tu," Gbolahan akasema.

"Ni mbegu. Zirushwe tena."

Babalawo aliukunja mnyororo taratibu. Alieleza kwamba swali lililokwisha kujibiwa halirudiwi, kisha akavua miwani na kunitazama.

"Nimesema hayumo humu," akasema. "Sijasema haji."

Nikavaa viatu. Nyumbani niliikuta leso ya Akeyo kwenye kamba ya bafuni. Nilikuwa nimeifua asubuhi hiyo ili mtoto aanze kubebwa nayo. Ilikuwa imekauka. Niliikunja mara nne, nikairudisha kabatini, upande wake wa kabati, ambao sijawahi kuupangua.

Siku ya nane, siku ya jina, tulikusanyika Rågsved. Mtoto aliguswa midomo kwa maji, chumvi na asali, na kila mkubwa akampa jina moja. Jina la Kijaluo lilikuwa juu yangu. Kabla ya zamu yangu Rita aliniinamia sikioni, akaniambia nimpe Akeyo. Ifa haikatazi, na yeye hakujali mfupa ulisema nini. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku mbili nzima nilikuwa nimejiandaa kulitamka jina hilo, na wala sikuwa na jingine.

Nikampokea mtoto. Alifumbua macho, akanitazama kama mgeni anavyomtazama mwenyeji asiyemjua. Nikamwita Achola, jina la waliozaliwa nyuma ya msiba, ambalo halihitaji imani ya mtu yeyote. Wote wakaliitikia isipokuwa Rita.

Alinifuata jikoni nilipokwenda kunywa maji.

"Ulilitaka kuliko mimi," akasema. "Nimekuona ulivyokuwa unamwangalia wiki nzima. Sasa jina la Mama unamwekea nani?"

Nilisuuza bilauri, nikaipangusa, nikairudisha mahali pake.

"Mwenyewe," nikasema. "Bado hajafika."