Safu ya Saba

Mtafiti wa maji alijulikana kazini kwa jina la Maktaba, jina alilojipa mwenyewe kwa unyenyekevu wake wote. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepima mto mmoja kila wiki, juu na chini ya mabomba ya kiwanda cha ngozi, na maelezo ya vipimo vyote aliyahifadhi mahali salama kuliko kabati lolote: kichwani mwake. Kuandika, alisema, ni kazi ya watu wanaosahau.

Sasa kamati ya mazingira ingekaa Ijumaa kuamua kama mabomba yafungwe au yaendelee kuutapikia mto. Kamati haikusikiliza data isiyopokelewa na hifadhi kuu ya takwimu, na hifadhi kuu haikupokea kitu bila fomu ya metadata: kila safu ya namba ielezwe ni ya nini, imepimwa wapi, kwa kifaa gani na kwa kizio gani. Mtunza data aliyesimamia fomu hizo alikuwa mdogo wa mkewe. Mungu hamtupi mja wake, ila mara nyingine humkabidhi kwa shemeji.

"Shemeji," mtunza data alianza Alhamisi asubuhi, macho kwenye kompyuta, "kituo cha pili umeandika 'penye ng'ombe mwekundu'."

"Ndiyo. Alikuwa anakunywa maji pale."

"Miaka kumi na moja?"

"Weka tu, kila mtu anapajua."

"Kompyuta haimjui ng'ombe wako. Inataka latitudo na longitudo. Na huyo ng'ombe, shemeji, saa hizi ni viatu."

Maktaba akazitafuta namba za ramani huku akinung'unika kwamba sayansi imeingiliwa na makarani. Kufikia saa sita mchana safu sita zilikuwa zimeelezwa: joto, oksijeni, na nyingine za aina hiyo, zisizomsisimua mtu. Ikabaki ya saba. Haikuwa na jina juu yake, namba tupu, zikianzia tano na kupanda mwaka hadi mwaka mpaka arobaini na saba.

Hii ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Aliwahi kuionyesha kwenye kongamano, akasema ni tope ambalo kiwanda kinamwaga mtoni. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Bibi mmoja wa safu ya mbele alifuta machozi.

"Kizio?" shemeji akauliza.

"Miligramu."

"Kwa lita?"

"Kwa... eeh."

"Kifaa?"

Maktaba akafumba macho kwa heshima na kuingia katika ile maktaba yake maarufu. Akafika kwenye rafu husika. Mchwa walikuwa wamemtangulia.

"Andika tope," akasema. "Nitatia sahihi."

"Tia. Kesho mtaalamu wa kiwanda akikuuliza ulipima na nini, utamwonyesha kidole? Wakikunasa kwa safu moja, zote sita zinatupwa, na mto unakwenda nazo."

Hapo dereva akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna safari. Yeye ndiye aliyekuwa akishika daftari mtoni, maana mikono ya bosi ilikuwa imelowa siku zote. Shemeji akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ah, hizo si za sayansi, hizo ni zangu," dereva akasema. "Ni dakika tulizokuwa tunasukuma gari likinasa njiani. Nilitaka ofisi waone, watupe jipya."

"Mbona zinapanda kila mwaka?" Maktaba akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba daktari aangalie tena.

"Gari linazeeka, bosi. Na mabega yako, usinichukie, si yale."

Shemeji alicheka mpaka akalaza paji la uso mezani. "Yaani wataalamu wamelilia gari bovu!"

"Naifuta," Maktaba akasema.

"Data ghafi haifutwi. Inaelezwa. Kaa hapa, uandike kwa mkono wako."

Akakaa. Akaandika: *Muda wa kusukuma gari. Kizio: dakika. Kifaa: saa ya mkononi ya dereva. Haihusiani na maji.* Kisha akaongeza: *Mtafiti aliwahi kuieleza vibaya hadharani.* Maneno hayo matano yalimla alasiri nzima, na chai ikapoa mara mbili.

Ijumaa mtaalamu wa kiwanda alisimama mbele ya kamati akiwa na suti ya kumeta na furaha isiyofichika. Alisoma maelezo ya safu ya saba kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Ukumbi ukaangua kicheko. Maktaba akatamani ardhi ipasuke, ikapuuza ombi.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akangoja watu watulie. "Mtaalamu, una lolote kuhusu safu ya oksijeni?"

Mtaalamu akapekua. Kituo kilikuwepo. Kifaa kilikuwepo. Kizio, na hata tarehe ambazo kifaa kilikaguliwa. Akapekua tena, pengine kuna kitu kimenasa katikati ya kurasa.

"Naona... imeelezwa," akasema.

"Nami naona. Chini ya mabomba yenu inashuka nusu. Na mtu aliyekubali kujiandika hivi kuhusu gari, sioni kwa nini anidanganye kuhusu mto."

Mabomba yakafungwa siku hiyohiyo. Maktaba alipongezwa na watu wengi sana, na wote, bila kubaki hata mmoja, walitaka kujua habari za gari.