Estoy Harta

Mpishi alipokuja kufanya kazi ughaibuni, aliahidiwa kwamba kila Jumapili angetoka kutembea. Jumapili zikapita, geti likabaki na kufuli, na simu yake ikabaki kabatini kwa mwenye nyumba, mwanamke ambaye mpishi alimbandika kimoyomoyo jina la Mama Funguo. Mama Funguo alijua Kihispania tu. Mpishi akimwonyesha geti, yeye anamwonyesha sufuria.

Aliyemfundisha lugha ni mama mzazi wa huyo Mama Funguo, bibi kizee asiyeweza kuinuka kitandani. Kila wakati wa kulishwa, bibi alitaja kitu mpaka mpishi akishike ulimini: *la cuchara*, kijiko. *Tengo hambre*, nina njaa. *Falta sal*, chumvi haijakolea.

“Chumvi daktari kakukataza, Bibi yangu,” mpishi alijibu kwa Kiswahili, na wote wakacheka, kila mmoja kwa lake.

Siku moja bibi alijipapasa tumbo. “*Estoy llena*.” Nimeshiba. Kisha akagusa shuka, akanyoosha kidole dirishani, akausukuma mchuzi wa maboga wa kila siku. “*Estoy harta*.” Mpishi hakuhitaji mkalimani. Hayo ni yale ya kufika shingoni.

Jumapili iliyofuata, mchana, wageni walikuja kula. Mpishi akapakua, akawakaribisha, “*Buen provecho*,” lakini hakurudi jikoni.

“*Estoy harta*,” alisema, akaonyesha getini. “*La puerta, por favor*.” Mlango, tafadhali.

Vijiko vikasimama. Mama Funguo alicheka kicheko cha midomoni, akamwashiria jikoni.

“*La puerta*,” mpishi alirudia, machozi yakimlengalenga.

Mmoja wa wageni, dada mkubwa wa Mama Funguo, alimtazama mpishi, akamtazama mdogo wake, akakinga kiganja apewe funguo. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe funguo zikatupwa mezani, zikagonga sahani.

Dada mtu akamtolea simu yake kabatini, akamfungulia geti mwenyewe. Mpishi akatoka na kandambili miguuni na mfuko mmoja mkononi. Alipofika barabarani ndipo alipokumbuka kwamba hajamuaga bibi. Akageuka. Kule juu, pazia la dirisha la bibi lilikuwa limeshushwa.

“Bibi, mimi nakwenda,” alisema kwa sauti ndogo. “Nisamehe.”

Hakuna aliyemsikia. Akaharakisha mwendo, moyo usije ukamrudisha ndani.