Mkojo Uliopigiwa Vigelegele

Kila asubuhi kazi ilikuwa ile ile. Ekwaro aliwasha jiko la gesi, akapasha maji hadi yakawa vuguvugu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni kama daktari wa upasuaji, kisha akamlaza Otukei juu ya taulo na kumbadilisha nepi. Trizah, mkewe, alisimama mlangoni akiwapa mgongo.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Mbona analia?"

"Analia kwa sababu ni mtoto, Trizah."

Otukei alikuwa ametahiriwa siku chache nyuma kwenye kituo cha afya, angali mchanga hata shingo haijakaza. Trizah ndiye aliyetaka sana, lakini tangu siku hiyo hakuwa ametupia kidonda jicho. Kwao, upande wa Bungoma, tohara ni ya vijana walioanza kuota ndevu, tena ni mambo ya wanaume. Mamake alipopigiwa simu alishangilia, kisha akashusha sauti: "Lakini usiangalie, mwanangu. Mwachie babake." Trizah ni mtu ambaye ukimmwagia chai, yeye ndiye anayekuomba msamaha. Hakuuliza kama mila hiyo inawahusu hata watoto wa nepi.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama si mama mkwe.

Mama Benedetta, mamake Ekwaro, alikuwa amekuja Malaba kutoka Amagoro na jogoo mmoja na unga wa wimbi, tayari kulea mjukuu. Mjukuu mwenyewe amepewa jina la marehemu mumewe, mzee Otukei. Ila Ekwaro, kwa kuilinda mila ya mkewe kwamba wanawake wasiangalie, alimwambia siku ile ile ya tohara: "Mama, wewe pumzika. Nepi ni zangu."

"Sawa," Mama Benedetta alijibu. Basi. Tangu hapo alikaa barazani akichambua maharagwe ambayo hayakuwa na mawe. Trizah aliligeuza lile "sawa" kichwani usiku na mchana. Ekwaro ni Mteso. Baba yake na babu zake hawakutahiriwa. Bila shaka mama amekasirika kwamba mtoto wao amekatwa kwa ajili ya mke wa kuja. Na jana jioni alikuwa amesema, bila kumtazama mtu, kwamba kesho atarudi Amagoro kuwaangalia kuku wake. Trizah alijua moyoni kwamba akiondoka hivyo, amekasirika na kimya, hatarudi tena kwa hiari yake.

Basi asubuhi hiyo Ekwaro alikuwa ameshavua nepi ya zamani na kuitupa kwenye beseni, mkono wake ukielekea kwenye kopo la vaselini, simu ikalia. Alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Tangu jana mtandao wa mpakani ulikuwa umelala, na malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Sauti ya mkubwa wake ilisikika hadi mlangoni.

"Mtandao umerudi! Ekwaro, uko wapi? Madereva watatumeza!"

Ekwaro alivaa shati vifungo vikiwa kombo. "Malizia! Shashi, vaselini, usikaze nepi!"

"Nani? Mimi?"

"Kwani kuna nani mwingine?"

Pikipiki ikanguruma nje, naye huyo akaenda zake. Chumbani akabaki Trizah, na kitandani mwanamume mmoja uchi, akipiga mateke hewani.

Trizah alisogea akiwa amefumba jicho moja, kana kwamba nusu ya dhambi ni afadhali. Kile kitambaa cha shashi kilikuwa kimeanguka. Akaangalia. Palikuwa pekundu, na juu ya wekundu kumetanda utando wa manjano.

"Usaha!"

Alichovya pamba kwenye maji, akainyanyua. Asugue? Asisugue? Ndipo sauti ikamtoka ambayo hakujua anayo.

"Mama! Mama, njoo!"

Sahani ya maharagwe ilianguka barazani. Mama Benedetta alifika mbio, lakini akasimama kizingitini, kidole kwenye mwimo wa mlango.

"Naruhusiwa kuingia?"

"Ingia, Mama! Mtoto anaoza!"

Mama Benedetta aliingia, akanawa mikono kwa sabuni, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa taulo.

"Mimi hii siijui," alisema akijiinua. "Nimezaa wanaume wanne na hakuna aliyeguswa wembe. Pigia yule muuguzi wa kituo cha afya."

"Nitamsumbua."

"Msumbue! Kwani alikupa namba uiweke kama picha?"

Trizah akapiga. Muuguzi Leonida alipokea akitafuna kitu.

"Damu inatoka?"

"Hapana."

"Ana joto?"

Mama Benedetta akaweka shavu lake kwenye tumbo la mtoto. "Hana," alisema kwa sauti ya juu, kama anayehutubia mkutano.

"Ananyonya?"

"Kama ndama," alijibu tena yeye, kabla Trizah hajafungua mdomo.

"Basi tulieni. Hiyo njano si usaha, ni kidonda kinapona. Usiisugue, usiibandue, itatoka yenyewe. Na hiyo pamba uliyoshika, weka chini."

Trizah aliitazama pamba. "Umejuaje?"

"Wote hushika pamba," alisema Leonida. "Haya, na mkojo? Amekojoa saa ngapi?"

Wanawake wawili wakatazamana. Mwenye habari za mkojo alikuwa mpakani akipambana na madereva. Walimpigia Ekwaro kwa simu ya Mama Benedetta, ikaita wee, ikakatika.

"Mnyonyesheni, mkae mkitazama," Leonida alisema. "Ikifika mchana hajakojoa, mleteni."

Trizah akaketi kitandani, akamweka Otukei titini, bila nepi, taulo likiwa limemzunguka. Mama Benedetta akavuta kiti mbele yao na kukodoa macho pale palipohusika. Jirani yao Beryl, muuza dagaa wa omena aliyehamia Malaba kutoka Sio Port, alikuwa amesikia yowe. Akachungulia na ungo wake mkononi.

"Kuna msiba?"

"Tunangoja mkojo," alisema Mama Benedetta.

Beryl akaweka ungo chini, akajiunga na kikao. "Hamjui kungoja nyinyi. Mkojo unaitwa." Akachukua jagi, akaanza kumimina maji kwenye beseni taratibu, churururu, churururu. "Njoo, baba. Njoo, mkubwa. Usituaibishe mbele ya Wateso."

"Mteso ni yeye," alisema Mama Benedetta.

"Basi asijiaibishe mwenyewe!"

Trizah alicheka, na kicheko kikamshangaza. Otukei alimaliza titi la kwanza, akapewa la pili. Hakuna. Akacheua. Hakuna. Beryl alimimina mpaka jagi likaisha, akalijaza upya. Trizah akamlaza mtoto kwenye taulo, wote watatu wakainama juu yake, vichwa vikikaribia kugongana. Otukei akakunja uso, akawa mwekundu, akanyoosha miguu.

Na ukaja! Ulipanda juu kama bomba lililopasuka, ukapinda hewani, ukatua kifuani mwa Mama Benedetta, kwenye gauni lake la kanisani alilovaa kwa ajili ya safari.

Mama Benedetta hakukwepa. Alitupa kichwa nyuma akapiga vigelegele virefu, vya kufukuza kunguru. Beryl akadakia. Trizah naye, msichana aliyekuwa akiimba kwaya ya chuo kwa kusogeza midomo tu, akapiga chake, chembamba lakini cha kweli. Nyumba za jirani zikafunguka milango.

"Nani anaolewa?" mtu aliuliza nje.

"Ni mkojo!" Beryl alijibu. "Mkojo wa Mzee Otukei!"

Simu ikalia katikati ya shangwe. Ekwaro, akihema: "Nimeona mmepiga. Kuna nini?"

"Amekojoa!" Trizah alipiga kelele.

"Si alikojoa hata alfajiri? Iangalie nepi kwenye beseni, imelowa tepetepe."

Hakuna aliyekuwa ameangalia ndani ya beseni la nepi. Beryl alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua ungo wake na kwenda kuwasimulia wateja.

Chumba kikatulia. Trizah alipaka vaselini kwenye kipande safi cha shashi, nene, kama Ekwaro alivyokuwa akifanya nyuma ya mgongo wake. Kisha akasita, akakinyoosha kile kipande kwa mama mkwe.

"Mama, weka wewe. Mimi nitashika miguu."

Mama Benedetta alikipokea kwa mikono miwili. Akakiweka polepole, akiuma mdomo wa chini, na Trizah akafunga nepi bila kuikaza. Otukei alipiga mwayo. Yule mama alimwinua, akamlaza juu ya bega la gauni lililolowa.

"Mama," Trizah alisema, akiitazama sakafu. "Najua hukupenda tumtahiri. Lakini usiende leo. Tafadhali."

"Nani amesema sikupenda?" Mama Benedetta aligeuka. "Mkate, msikate, mimi wembe haukuniuma. Kilichoniuma ni ile baraza. Mtoto ana jina la mume wangu, Trizah, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia, haya, mshike. Mimi nilitaka kumshika tu. Kuku watangoja."